Neno "charge" la Kiingereza: maana zake na namna ya kulitumia

Neno "charge" ni miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayomkuta msomaji wa Afrika Mashariki karibu katika kila shughuli. Limo kwenye risiti ya hoteli, kwenye hati ya mashtaka mahakamani, kwenye kibao cha ofisi ya muuguzi anayesimamia wodi, na kwenye maelezo ya betri ya simu. Mwanafunzi akikutana nalo, jambo la kwanza hulitafutia neno moja la Kiswahili linalolingana nalo, na akishalipata huona kazi imekwisha. Lakini aliyekariri kuwa "charge" ni kutoza atakwama akisoma gazetini "charged with theft", na aliyekariri kuwa ni kushtaki atashangaa kuambiwa kwamba nyati porini naye anaweza "charge".

Kulijua neno ni zaidi ya kulitafsiri. Paul Nation, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Victoria cha Wellington nchini New Zealand, alieleza katika kitabu chake kilichotoka 2001 kwamba ujuzi wa neno una pande tatu. Upande wa kwanza ni umbo, yaani linavyotamkwa, linavyoandikwa na linavyonyambuliwa. Wa pili ni maana, pamoja na mawazo yanayoizunguka maana hiyo. Wa tatu ni matumizi: sarufi yake, maneno yanayoandamana nalo na mahali linapofaa kusemwa. Anayeshika upande mmoja tu analitambua neno anapoliona, lakini hawezi kulitumia bila kukosea. "Charge" linaonyesha jambo hili vizuri kwa sababu pande zake zote tatu zina mambo ya kujifunza.

Umbo na matamshi

Kiswahili hutamka kila irabu, ndiyo maana neno hili lilipoingia katika Kiswahili likawa "chaji", lenye silabi mbili. Katika Kiingereza lina silabi moja. Herufi "e" ya mwisho haisikiki. Kazi yake ni kuonyesha kwamba "g" inayoitangulia isomwe kama "j", wala si kama "g" ya "gari". Irabu ya katikati huvutwa. Mwingereza wa London kwa kawaida haitamki "r", bali hurefusha irabu tu, ilhali Wamarekani wengi huitamka waziwazi.

Neno hili ni nomino na ni kitenzi pia, bila kubadilika umbo. Likiongezwa "s" na kuwa "charges", silabi huwa mbili. Likiwa katika wakati uliopita, "charged", hubaki na silabi moja, na "d" hugusana moja kwa moja na sauti iliyotangulia. Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza, wakaongeza irabu na kutamka silabi mbili, kwa kuwa mdomo uliozoea Kiswahili haupendi konsonanti zinazofuatana mwishoni mwa neno.

Asili yake ni mzigo

Waroma wa kale walikuwa na neno "carrus", lililotaja gari la magurudumu la kubebea mizigo. Wenyewe walilichukua kutoka kwa Wagali, watu wa jamii ya Wakelti waliokaa katika nchi ambayo leo ni Ufaransa. Katika Kilatini cha zama za mwisho nomino hiyo ikazaa kitenzi "carricare", yaani kupakia gari. Kitenzi hicho kikaingia Kifaransa cha kale, nacho Kifaransa kikavuka bahari pamoja na Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066. Kufikia karne ya 13 Waingereza walikuwa wakilitumia "charge" kwa maana ya mzigo na ya kupakia mzigo.

Ukoo huo una ndugu wengine ambao msomaji anawafahamu. "Car", gari, limetoka hukohuko, na vilevile "carry", kubeba, na "cargo", shehena, ambalo Kiingereza kililipata kwa njia ya Kihispania. Hata "caricature", jina la mchoro wa kukuza kasoro za uso wa mtu, lilitoka Italia kwenye kitenzi chenye maana ya kupakia kupita kiasi, kwa kuwa mchoraji huyatwika maumbile ya mtu zaidi ya yalivyo.

Leo Mwingereza hasemi "charge" anapopakia viazi kwenye lori. Maana ile ya kwanza imefifia, lakini ndiyo iliyozizaa karibu zote zilizobaki, na anayeikumbuka haoni tena maana hizo kama orodha ya mambo yasiyohusiana.

Mzigo wa dhamana, wa fedha na wa tuhuma

Mtu aliyekabidhiwa kazi amebebeshwa mzigo wa wajibu. Hiyo ndiyo maana ya "in charge": mwenye dhamana, msimamizi. Kiswahili rasmi cha Tanzania kina neno lake, "mfawidhi", na matangazo ya serikali hutaja mganga mfawidhi wa zahanati, hakimu mkazi mfawidhi na jaji mfawidhi wa kanda. Kila mmoja wao katika Kiingereza huitwa ofisa aliye "in charge". Anayelelewa au kutunzwa naye anaweza kuitwa "charge", kwa kuwa ndiye dhamana yenyewe. Yaya akiwatembeza watoto aliokabidhiwa, Mwingereza anaweza kuwaita watoto hao "her charges", na msomaji asipoangalia atadhani yaya anadai malipo au ana kesi.

Malipo nayo ni mzigo, tena mzigo unaowekwa juu ya mtu au juu ya mali. Kutoka hapo ikaja maana ya kutoza na maana ya tozo. Nchini Kenya maana hii ina sura ya kisheria ambayo kila mwenye shamba au nyumba anapaswa kuielewa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inatumia neno "charge" kutaja rehani inayowekwa juu ya ardhi ili kudhamini mkopo. Hati ya ardhi ikionyesha kuwa kuna "charge" kwa jina la benki, maana yake mali hiyo imefungwa na deni, na deni lisipolipwa benki inaweza kuiuza kwa kufuata utaratibu wa sheria. Mnunuzi anayedhani kwamba neno hilo linataja ada ndogo ya usajili anaweza kupoteza akiba ya maisha yake yote.

Tuhuma ni mzigo wa tatu. Mtu aliyeshtakiwa ametwikwa kosa, na atalibeba hadi mahakama itoe uamuzi. Hati inayofunguliwa dhidi yake, "charge sheet", Kiswahili huiita hati ya mashtaka. Msomaji wa habari za mahakama anahitaji kutenganisha hatua tatu ambazo Kiingereza kina neno kwa kila moja: "arrested" ni kukamatwa, "charged" ni kushtakiwa, na "convicted" ni kutiwa hatiani. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu Katiba ya Tanzania katika ibara ya 13, na ile ya Kenya ya mwaka 2010 katika ibara ya 50, zinamlinda aliyeshtakiwa asichukuliwe kuwa mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Mwandishi anayetafsiri "charged" kwa "ametiwa hatiani" anamhukumu mtu ambaye mahakama haijamhukumu.

Kutoka baruti hadi simu

Bunduki za zamani, yale magobore ya kushindilia, zilijazwa baruti na risasi kwa kupitia mdomo wa mtutu. Kipimo cha baruti cha mfyatuo mmoja kiliitwa "charge", kwa kuwa ndicho mzigo wa bunduki. Hadi leo wachimbaji madini hutumia neno hilo kwa baruti inayotiwa kwenye tundu la mwamba kabla ya kulipuliwa.

Umeme uliipata lugha yake kwa wapiga mizinga. Mwaka 1745 na 1746 watafiti huko Ujerumani na Uholanzi waligundua chupa iliyoweza kuhifadhi umeme, ikaja kujulikana kama chupa ya Leiden. Benjamin Franklin wa Philadelphia aliifanyia chupa hiyo majaribio mengi mwishoni mwa miaka ya 1740. Aliposimulia namna ya kuijaza umeme alitumia "charge", kama mtu anayejaza bunduki. Alipounganisha chupa kadhaa ili zitoe nguvu kwa pamoja aliziita "battery", jina la kundi la mizinga iliyopangwa kufyatua pamoja. Basi maneno yote mawili anayoyataja mtu mwenye simu, betri na chaji, yalipita mikononi mwa wanajeshi kabla ya kufika dukani. Franklin pia ndiye aliyeanzisha matumizi ya chanya na hasi katika umeme, na vitabu vya fizikia vya Kiswahili husema chaji chanya na chaji hasi kwa kufuata mgawanyo wake.

Uwanja wa vita ulitoa maana nyingine tena. Kuiweka silaha tayari kwa shambulio kuliitwa "charge", na katika karne ya 16 neno likahamia kwenye kitendo cha kumwendea adui mbio kwa nguvu zote. Shambulio la wapandafarasi wa Uingereza dhidi ya mizinga ya Warusi huko Balaclava, tarehe 25 Oktoba 1854, hutajwa kwa neno hili katika vitabu vya historia ya vita. Katika hifadhi za Afrika Mashariki neno hilohilo hutajwa kwa wanyama. Waongoza watalii hutofautisha "charge" ya kweli na "mock charge", yaani ya kutishia. Kwa kawaida tembo anayetishia hutanua masikio, hupiga kelele na kusimama kabla ya kufika. Aliyedhamiria huyalaza masikio nyuma, hukunja mkonga na kuja moja kwa moja. Katika maana hii "charge" haimaanishi kushambulia kwa namna yoyote ile. Chui anayemnyatia swala hafanyi "charge" mpaka atakapochomoka mbio, na nyoka anayeuma mtu haisemwi hata kidogo kuwa amefanya hivyo.

Maneno yanayoandamana nalo

Mwanaisimu wa Uingereza J. R. Firth alifundisha, katika maandishi yake ya mwaka 1957, kwamba neno hujulikana kwa maneno linalofuatana nayo. Wazo hilo lilifanyiwa kazi kwa kompyuta na John Sinclair katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Yeye na wenzake walikusanya mamilioni ya maneno kutoka maandishi na mazungumzo halisi, wakachunguza kila neno lilivyotumika, na mwaka 1987 wakatoa kamusi ya Collins COBUILD. Kwa "charge", maandamano hayo ndiyo yanayoamua maana.

Kihusishi hutangulia kuangaliwa. Kwa mashtaka kihusishi ni "with": "He was charged with theft." Kitenzi "accuse", kutuhumu, hutaka "of": "He was accused of theft." Kiswahili hutumia "kwa" katika sentensi zote mbili, alishtakiwa kwa wizi, alituhumiwa kwa wizi, na hapo ndipo chimbuko la makosa. Mwanafunzi huandika "charged of" au "charged for" kwa sababu lugha yake haikumfundisha kutenganisha. Dawa yake ni kukariri kitenzi pamoja na kihusishi chake kana kwamba ni neno moja.

Kwa malipo mpangilio ni mwingine: "The hotel charged us 50,000 shillings for the room." Anayetozwa hufuata kitenzi moja kwa moja bila kihusishi, kisha kiasi, kisha "for" na kitu kinacholipiwa. Mpangilio huu unaoana na wa Kiswahili, hoteli ilitutoza shilingi 50,000 kwa chumba, kwa hiyo hausumbui. Lakini likiingia "to", habari hubadilika. Mgeni anayesema "Charge it to my room" haombi chumba chake kitozwe ada. Anaomba chakula alichokula kiandikwe kwenye hesabu ya chumba, akilipie atakapoondoka.

Herufi chache zinaweza hata kuigeuza maana ikawa kinyume chake. "The nurse in charge of the patients" ni muuguzi anayewasimamia wagonjwa. "The patients in the charge of the nurse" ni wagonjwa wanaosimamiwa na muuguzi. Kilichoongezeka ni "the" peke yake, lakini msimamizi na msimamiwa wamebadilishana nafasi. Kiswahili kingeionyesha tofauti hiyo ndani ya kitenzi, anayesimamia na anayesimamiwa. Kiingereza kimeiweka katika neno dogo ambalo jicho hulipita bila kuliona.

Kuna pia mafungu ya maneno yasiyovunjwa. "Free of charge" ni bila malipo, na halichukui "s" wala "a". "Bank charges" ni makato ya benki, karibu kila mara katika wingi. "Take charge" ni kushika usukani wa jambo. "Press charges" ni kuamua mtu ashtakiwe, na "drop the charges" ni kuyafuta mashtaka.

Majirani wa maana nao wana mipaka yao. "Price" ni bei ya kitu kinachouzwa. "Fare" ni nauli. "Fee" ni ada, hasa ya shule, ya wakili, ya daktari au ya usajili. "Fine" ni faini ya kosa. "Cost" ni gharama inayomfikia anayelipa, ilhali "charge" ni kile anachodai mtoa huduma. Abiria wa daladala au matatu hulipa "fare", na kondakta akimdai fedha zaidi kwa ajili ya gunia lake, nyongeza hiyo ndiyo "extra charge".

Kupakua mzigo

Kiambishi "dis" huondoa kilichowekwa, kwa hiyo "discharge" ni kupakua. Mgonjwa aliyepewa ruhusa ya kutoka hospitali amekuwa "discharged". Askari aliyemaliza au kuondolewa utumishi amekuwa "discharged". Betri inayoishiwa umeme iko katika "discharge", na usaha unaotoka kwenye kidonda, au uchafu unaotoka ukeni, daktari huuandika kwa jina hilohilo.

Mahakamani neno hili linahitaji uangalifu. Mshtakiwa aliye "discharged" ameachiwa kwa sababu mashtaka yameondolewa au yamekoma, na mara nyingi sheria inaruhusu ashtakiwe tena kwa jambo lilelile. Aliye "acquitted" ameonekana hana hatia. Magazeti hutumia "ameachiwa huru" kwa wote wawili, na wasomaji hushangaa wanapomwona mtu aliyeachiwa asubuhi akikamatwa tena nje ya mahakama jioni. Tafsiri makini hueleza kwamba mashtaka yameondolewa, kisha huweka "ameachiwa huru" kwa yule ambaye mahakama imemsafisha.

Minyambuliko mingine ni rahisi. "Overcharge" ni kutoza kupita kiasi, "recharge" ni kujaza tena umeme, na "surcharge" ni tozo ya nyongeza juu ya ile ya kawaida.

Neno la mkopo ni sehemu ya neno

Kiswahili kimechukua vipande vya "charge" na kuviacha vingine. Chaji, kuchaji na chaja vinahusu umeme tu. Katika zahanati nyingi za Tanzania wafanyakazi humwita mganga mfawidhi "inchaji", na hapo ndipo kipande cha dhamana kilipoingilia. Jijini Nairobi fundi huulizwa anacharge ngapi, na kipande cha malipo kikawa kimepata wenyeji. Mashtaka na mashambulizi yamebaki na majina yake ya Kiswahili.

Mkopo huo humsaidia mwanafunzi na humpotosha pia. Humsaidia kwa kuwa umbo la neno halimtishi. Humpotosha kwa kuwa anadhani anachokijua ndicho kizima. Aliyezoea chaji ya simu akisoma "The police charged the crowd", hukosa pa kuanzia, wakati sentensi hiyo inasema tu kwamba polisi waliuvamia umati kwa kasi.

Njia ya kulijifunza

Kamusi inayomfaa mwanafunzi wa Kiingereza ilizaliwa mbali na Uingereza, mikononi mwa walimu waliowafundisha watu wenye lugha nyingine. Michael West, aliyefundisha Bengal, alitoa mwaka 1935 pamoja na James Endicott kamusi iliyofafanua maneno kwa kutumia maneno ya msingi 1,490 tu, ili mwanafunzi asifafanuliwe neno gumu kwa neno gumu zaidi. A. S. Hornby, aliyefundisha Japani, alitayarisha pamoja na wenzake kamusi iliyoonyesha kila kitenzi na mpangilio wake wa sentensi. Ilitoka Tokyo mwaka 1942, na Oxford wakaichapisha upya mwaka 1948. Kamusi za Kiingereza na Kiswahili, kama ile ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) iliyotoka 1996, humpa msomaji visawe kwa haraka, lakini kamusi ya aina ya Hornby ndiyo inayomwonyesha kama ni "with" au "for". Anayesoma kwa dhati huzitumia zote mbili.

Anapolitafuta neno, afaa aanze na sentensi aliyolikuta, aulize ni nomino au kitenzi, nani anatenda, nani anatendwa, na kihusishi gani kinafuata. Mfano ni sentensi hii: "The clinic charged her nothing, but the officer in charge was later charged with taking bribes." Mara ya kwanza mtendaji ni zahanati na kinachofuata ni kiasi, "nothing", basi ni kutoza. Mara ya pili neno limetanguliwa na "in" na linamweleza ofisa, basi ni dhamana. Mara ya tatu lina "with" na kosa mbele yake, basi ni mashtaka. Tafsiri hujipa yenyewe: zahanati haikumtoza chochote, lakini mganga mfawidhi alishtakiwa baadaye kwa kupokea rushwa.

Daftari la msamiati nalo lipangwe kwa sentensi, kwa kuwa neno lililoandikwa peke yake na tafsiri moja pembeni halibebi sarufi yake. Maana zinazokutwa mara nyingi zitangulie: kutoza, dhamana, mashtaka na umeme. Rehani ya ardhi, baruti ya machimbo na watoto wa yaya vitakuja baadaye, kila kimoja na sentensi yake. Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alionyesha mwaka 1885, kwa majaribio aliyojifanyia mwenyewe, kwamba kilichokaririwa hupotea haraka mwanzoni, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku hushikika kuliko yaliyolundikwa mara moja. Kwa hiyo daftari hufunguliwa tena kesho, wiki ijayo na mwezi ujao, na kila mara mwanafunzi huandika sentensi mpya ya kwake. Akiweza kuandika nne zisizo na kosa, moja kwa kila maana kuu, na kila moja ikiwa na kihusishi chake, atakuwa amelijua neno hili kiasi cha kulisoma na kulitumia bila kuomba msaada.